Moto wa siku nne, na daftari tulilolitafuta usiku

Nianze na kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Usiku wa kwanza wa ule moto watu watatu walirudi msituni gizani kumtafuta jirani yetu mmoja, wakazunguka huko zaidi ya masaa mawili, mti uliokuwa umeungua mizizi ukaanguka hatua chache tu kutoka waliposimama, na muda wote huo jirani mwenyewe yuko kwake kalala fofofo. Wala hakukosea. Alichoka, macho yamevimba, akapita njia ya mkato akaenda kujitupa kitandani. Kosa lilikuwa letu, maana hakuna hata mmoja aliyejua nani kaingia na nani katoka, na mimi ndo niliyewapigia simu zaidi ya nusu ya watu walioingia kule.

Sasa hivi mguu umepona, kikohozi kimeisha, nyasi zimeanza kukauka tena, nikaona niandike kabla sijasahau. Mimi sio zimamoto, sina cheti chochote, ni mtu wa kawaida tu anayeishi karibu na msitu. Kwa hiyo chukua hii kama maneno ya mtu aliyekosea, sio ya mtaalamu.

Siku ya kwanza moshi ulionekana kama saa sita mchana, mweupe, mwembamba, upande wa bonde. Kila mtu aliuona. Na kila mtu akadhani mwenzake keshapiga simu. Kwenye grupu la WhatsApp zikaanza kumiminika picha za moshi, "jamani mnaona hii?", "ni wapi hapo?", emoji za kulia, na mimi mwenyewe nilituma picha, yaani nilikuwa na simu mkononi nikatuma picha badala ya kupiga zimamoto. Zikapita kama dakika arobaini ndo mama mmoja akauliza, hivi nani kaongea na zimamoto? Kimya. Hizo dakika arobaini ndo ule moto ulikuwa bado mdogo, wa kuzimwa na watu kumi wenye matawi. Tangu siku ile nikiona moshi napiga kwanza, hata kama naambiwa keshapiga mwingine, wao wenyewe wanasema bora wapigiwe mara ishirini kuliko kutopigiwa kabisa. Na ukipiga usiseme tu "kuna moto mlimani", sema upepo unaelekea wapi, kuna nyumba upande gani, na kama gari kubwa linaweza kufika au barabara inaishia njiani. Hili la barabara hakuna anayelisema na ndilo wanalolihitaji kuliko yote.

Basi tukaingia. Kama watu thelathini hivi, labda arobaini, ndo hivyo, hatujui.

Niseme nilivaa nini maana nimechekwa sana na mke wangu. Jezi ya mpira, suruali ya truki, na raba. Vyote vya plastiki kimsingi. Nailoni na poliesta haziungui kama pamba, zinayeyuka, na zikiyeyuka zinang'ang'ania kwenye ngozi. Jezi ilitobolewa na cheche mashimo kumi na kitu, lakini kilichonimaliza ni raba, soli ililainika nilipokanyaga majivu ambayo juu yanaonekana yamepoa kumbe chini ni makaa, ikafunguka kwa mbele, kaa likaingia. Nilivyoruka siku ile sijawahi kuruka tena. Kwa hiyo jamani, kama huna nguo za zimamoto vaa pamba nzito, jinzi, mikono mirefu, buti za ngozi, kofia, na glovu za ngozi kama unazo. Kitambaa usoni kinasaidia majivu yasiingie puani lakini hakizuii hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi, ile haina harufu, unaanza kuumwa kichwa alafu unaanza kufanya maamuzi ya kijinga bila kujua kwamba ni ya kijinga. Ukimwona mwenzako anaongea ovyo au kakaa chini anatazama tu, mtoe, usibishane naye.

Kosa letu kubwa la mchana ule ni kwamba tulikimbilia kichwa cha moto. Ndo panapotisha, ndo panapoenda kwenye nyumba, unaona kabisa kwamba pale ndo pa kupigana. Sio. Moto wa nyika una kichwa, una mbavu mbili na una mkia, na watu wa miguu wenye majembe wanatakiwa waanzie mkiani, mahali ambapo moto hauwezi kuwazunguka kwa nyuma, labda barabara, mto, mwamba au sehemu iliyokwisha kuungua, alafu wapande nao kwa ubavu wakiubana taratibu. Pia kuna kipimo ambacho laiti ningekijua: miali ikizidi kama mita 1.2, yaani ikianza kukufika kifuani, hiyo sio ya kusimama mbele yake na fyekeo. Sisi tulisimama mbele ya miali iliyotupita vichwa, tunapiga na matawi, tena tunayainua juu kabisa kama tunapura maharage, kumbe kila ukiinua unarusha cheche nyuma yako. Tawi unapiga na kulikandamiza, unalivuta, basi.

Alafu tulikuwa juu ya moto. Kwenye mteremko, moto chini, sisi juu. Nimekuja kusoma baadaye kwamba kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10 mwendo wa moto unakaribia kuwa mara mbili, maana miali inainama inakausha nyasi za mbele kabla haijafika. Unaona uko mbali, unasema ngoja nimalizie hapa, na wewe kukimbia mlima unakimbia kwa mwendo wa kobe.

Kama saa tisa alasiri upepo ukageuka.

Nimejaribu kuelezea watu hii nikashindwa. Hakukuwa na onyo kubwa, moshi uliokuwa umelala kulia ukasimama kidogo, kama unafikiria, alafu ukalala kwetu. Ule ubavu uliokuwa unatambaa polepole, ambao tulishausahau kwa sababu "ule umetulia", ndo ukawa kichwa. Ubavu mrefu wote ule. Watu wakaanza kupanda mlima wakikimbia, na mimi nikiwemo, na nina hakika tungepanda vile mpaka mwisho kama isingekuwa mzee mmoja mstaafu wa misitu, ana zaidi ya miaka sabini, alikuja na fimbo tu, wala hatukumsikiliza tangu mchana. Akapiga kelele "Weusini! Ingieni weusini!" Weusi ni pale palipokwisha kuungua. Unatakiwa upite kwenye kingo ya moto pale miali ilipo mifupi uingie kwenye majivu, kitu ambacho mwili mzima unakukatalia. Tukaingia. Tukalala chini tukifunika nyuso, joto likapita kama mtu kafungua mlango wa tanuri, na tukabaki pale tunakohoa na kulia, wengine kulia kweli sio moshi. Nikamwambia "shikamoo mzee" kama mjinga, nilikuwa nimeonana naye tangu asubuhi, akaitikia marahaba, tukacheka.

Nilipokuwa kitandani na mguu nikasoma kuhusu Mann Gulch, Montana, Marekani, mwaka 1949. Wazimamoto 13 walikufa kwenye korongo lenye nyasi, moto ukiwafukuza kupanda mlima hivyohivyo. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alisimama akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake mwenyewe, akaingia kwenye majivu ya moto wake akalala kifudifudi, akapona. Aliwaita wenzake, wakampita wakikimbia, hawakumwelewa. Nilipofika hapo nilifunga simu kwa muda, maana niliwaona wale waliompita. Tungekuwa sisi.

Usiku ndo ikatokea ile habari ya jirani. Mkewe alikuwa kasafiri, simu yake imezima, mtu mmoja akasema "mi mara ya mwisho nilimwona kule juu wakati upepo unageuka". Sentensi hiyo tu. Tukaanza kuulizana, fulani yuko? Yuko. Fulani je? Kila mtu ana hesabu yake, mmoja anasema tulikuwa thelathini na mbili, mwingine hamsini. Tukatafuta karatasi ya kuandika majina, mtu akaleta daftari la hesabu la mtoto wake, tukaandika nyuma ya kazi za mtoto tukitumia tochi ya simu, tukafika majina 38 na mabishano juu ya mengine manne. Wakati tunabishana wale watatu walishaondoka, hawakumuaga mtu yeyote, kwa hiyo sasa tulikuwa na watu wanne wasiojulikana walipo. Hakuna aliyewaza kumgongea yule jirani dirishani kwake mpaka saa tano na nusu usiku, na aliyegonga ni mtoto wa miaka kumi na moja, alitumwa na bibi yake. Akafungua kajifunga shuka.

Nilitaka kumpiga. Alafu nikataka kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo, nilikaa kwenye jiwe mguu unawaka.

Asubuhi mguu haukuingia kiatu, kwa hiyo sikuweza kupanda, wakanikalisha njia panda na lile daftari. Nilijiona kama nimetupwa, wanaume wanapanda mimi nimekaa na kalamu kama karani wa mnada. Sasa hivi nakuambia ile ndo kazi ya maana kuliko zote nilizofanya zile siku nne. Nilichora mistari: jina, simu, simu ya mtu wa nyumbani, kundi gani, upande gani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Safu ya saa ya kutoka ndo roho ya daftari, bila hiyo una orodha ya harusi tu.

Shida ambayo sikuitegemea ni kwamba watu wanaogopa kuandikwa. Nusu waliniuliza posho kiasi gani, wakajiandika wao na ndugu zao ambao hawapo. Nusu nyingine wakadhani ni orodha ya washukiwa, maana moto una kesi, wakakataa au wakatoa majina ya uongo, kuna mmoja alijiandika jina la mchezaji mpira. Nilihangaika nao mpaka yule mama aliyeuliza swali la zimamoto jana yake akaja na madumu ya maji, akaweka meza yake pembeni yangu akasema hakuna kunywa bila jina, na ukirudi hakuna kunywa bila kuandika umerudi. Ikaisha. Mtu atapita daftari lakini hatapita maji. Kama unapanga kitu cha namna hii weka daftari na maji sehemu moja, njia moja ya kuingilia, na uwe na mtu mwenye sauti.

Zimamoto wenyewe walifika siku ile ya pili, gari mbili na watu wa misitu. Kiongozi wao jambo la kwanza alituambia wote turudi nyumbani. Watu walichukia sana, kuna waliotaka hata kugoma, tumelala na moto usiku kucha alafu mnakuja na buti safi mnatufukuza. Nami nilichukia. Lakini nikimfikiria sasa, yule bwana alifika akakuta kundi la watu wenye mapanga na kandambili, hawana kiongozi, wengine wamekunywa, na kama mmoja wetu angekufa jibu lingekuwa kwake. Kilichobadilisha mawazo yake ni daftari. Aliliangalia, akageuza ukurasa, akauliza "nani kaandika hii?" Akaniuliza sasa hivi wako wangapi ndani, nikamwambia 26, makundi matatu, na kundi la bondeni linatakiwa litoke saa tano. Akakaa chini.

Pale ndo akaletwa mzee wa fimbo, akachora mlima mzima kwenye vumbi. Kijito ambacho kwenye ramani yao kilikuwepo kumbe kimekauka, na kisima cha zamani ambacho kwenye ramani hakipo kumbe kina maji. Barabara ya magogo ambayo gari lingeingia lisitoke. Na kitu kingine ambacho karibu kituletee balaa: majina ya mahali. Sisi tuna sehemu mbili zinaitwa jina moja, wa huku wanajua kwa kuangalia tu nani anayeongea ni ipi anayoisema, lakini kwenye redio huwezi kujua, kundi moja lilipelekwa upande usio wao na likapoteza karibu saa nzima. Jioni tukagawa mlima kwa namba, moja mpaka tisa, tukafunga vitambaa kwenye miti. Na kila kundi la zimamoto likapewa mtu mmoja wa hapahapa ambaye habebi jembe, kazi yake ni njia tu. Vijana wengi walitaka hiyo nafasi kwa ajili ya kofia, tukawapa wachunga mifugo, maana ndo wanaojua vichochoro.

Kuna kijana mmoja wa zimamoto alinifundisha vitu vinne ambavyo kumbe vinatumika karibu dunia nzima, vilipangwa na Mmarekani mmoja, Paul Gleason, mwaka 1991: mlinzi, mawasiliano, njia ya kutokea, mahali salama. Kabla hujapiga jembe la kwanza uwe na mtu mmoja amesimama pazuri anaangalia moto tu, hafanyi kazi nyingine, uwe na namna ya kumsikia, ujue utatokea wapi, zaidi ya njia moja, na ujue mahali salama utakapofikia ukishatoka. Sisi siku ya kwanza hatukuwa na hata kimoja. Mawasiliano yetu yalikuwa simu, na simu saa nane mchana zimekufa zote kwa sababu watu walikuwa wanarekodi video. Siku ya tatu tukatumia filimbi, mlio mmoja mrefu simama uangalie, milio mitatu toka, na pikipiki moja ya kupeleka habari. Filimbi haiishi chaji.

Akanieleza pia habari ya Linton, Australia, Desemba 1998. Wazimamoto wa kujitolea kama sisi tu, wenye mafunzo na magari, walikuwa njiani kwenda kujaza maji, upepo ukageuka ukawakuta kwenye ubavu ambao haujaungua, na watu watano wa gari moja wakafa. Baada ya hapo ikawa sheria kwao kwamba maji yote hayamwagwi kwenye moto, lazima yabaki ya kujilinda wenyewe. Nikawaambia wenye mabomba ya mgongoni, yale maji ya mwisho chini ya bomba ni yako, usiyamwage hata kama unaona moto unakaribia kuzima. Wengi hawakunielewa mpaka niliposema hiyo habari ya Linton.

Siku ya tatu ilikuja helikopta, ikamwaga maji mara kadhaa, watu wakashangilia, wakashusha majembe, wengine wakaenda kusimama chini kabisa wapige selfi. Yale maji yakishuka yanavunja matawi, yanaweza kukuua. Na hayazimi moto peke yake, yanaupooza ili wenye majembe wamalizie, kwa hiyo ule muda ambao ndo wa kufanya kazi kwa nguvu sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Mkanda wa kuzuia moto tulioulima siku hiyo ndo uliosimamisha ule upande wa nyumba, na hapa nitakaa kidogo maana watu wanalima vibaya. Kufyeka nyasi haitoshi. Unachimba mpaka udongo mtupu, mizizi inaonekana unaikata, maana moto unatambaa chini kwenye mizizi na mboji unatokea upande wa pili usiku mkiwa mmelala. Vitu vibichi na vikavu visivyoungua unavitupa nje, mbali na moto, vilivyoungua unavirudisha ndani kwenye weusi. Tulitupa vyote sehemu moja mwanzo, tukatengeneza rundo la kuni zuri kabisa pembeni ya mkanda wetu wenyewe. Magogo yaliyoko mtelemkoni unayaweka kwa kukingama au unayachimbia, vinginevyo yanaungua kidogokidogo alafu yanabingirika yakiwaka yanavuka mkanda.

Siku ya nne watu waliisha. Miali hakuna, ikabaki moshi moshi tu huku na kule, na kazi isiyo na picha. Kwenye daftari siku ya tatu nina majina 71, siku ya nne nina 14, na saba kati yao ni wanawake ambao siku mbili za mwanzo waliambiwa wakae na maji. Hao 14 ndo waliotembea kila kisiki, unaweka mgongo wa mkono karibu na ardhi unasikiliza joto, usitumie kiganja maana ukikiunguza huwezi tena kushika jembe, unachimba, unamwaga maji, unakoroga kama unasonga, unarudia mpaka pawe baridi. Alfajiri ndo wakati mzuri, hewa imetulia na kijimoshi kidogo unakiona. Nilipiga simu watu warudi, karibu nitukane, maana moto unaodhaniwa umekwisha unaweza kuamka. Oakland, California, Oktoba 1991, kulikuwa na moto uliodhaniwa umedhibitiwa Jumamosi, Jumapili upepo ukaamka, ukaufufua, wakafa watu 25 na nyumba zaidi ya elfu mbili zikateketea. Kwetu siku ya saba kisiki kimoja kiliwaka upya, nje ya mkanda, aliyekiona ni mmoja wa wale wanawake saba, akakizima na ndoo mbili.

Gharama, maana watu hawasemi. Simu yangu iliyeyuka kwenye mfuko. Mguu wiki tano, na matibabu nililipa mwenyewe, kumbe kujitolea hakuna bima mpaka mtu aliandike jina lako mahali panapotambulika kabla hujaingia, sio baada, na daftari la mtoto halitambuliki. Kijana mmoja mwenye pumu hakusema ana pumu, akalazwa. Mwenye pikipiki aliua injini yake na hakuna aliyemlipa, tulichanga baadaye lakini haikutosha, na nadhani mwakani hatakuja. Misaada iliyoletwa ilikuwa mingi na nusu haikuhitajika, tuliletewa nguo za mitumba marundo wakati tulikuwa tunalilia tochi, betri, glovu, dawa ya macho na mafuta ya petroli. Ukitaka kusaidia uliza kwanza, na ulete siku ya nne, siku ya kwanza kila mtu analeta.

Kuna nyingine ambayo sikuitegemea. Kama wiki tatu baadaye jirani alikuwa anachoma majani makavu kidogo tu uani kwake, nikasikia ile harufu, nikajikuta nimekimbilia ndani nimefunga mlango, moyo unadunda, nalia. Mwanaume mzima. Nilimwambia mzee wa fimbo tu, akasema yeye baada ya moto wa mwaka wake wa kwanza kazini alilala na viatu miezi miwili. Ndo nikaanza kulala vizuri.

Na aliyeuanzisha. Alikuwa anasafisha shamba, akachoma mabaki mchana, kuna upepo, peke yake. Kila mtu alijua kufikia jioni. Alikuja mwenyewe siku ya pili asubuhi na jembe, watu wakaanza kelele, kuna waliookota mawe. Nilimwandika kama wengine, jina, simu, kundi la bondeni, saa moja na dakika ishirini. Wengine walininunia. Ila mimi nilishahesabu zile dakika arobaini, na najua kilichomfanya asipige kelele moto ulipomshinda ni kuogopa mawe hayohayo, alikuwa anajaribu kuuzima kimyakimya na koti lake. Tukimfanya mfano, atakayefuata atazima kimyakimya pia. Sheria imfuate kwa njia yake, hilo sipingi, ila sio sisi njia panda.

Mwaka huu tumeanza mapema. Mzee kachagua vijana sita anawatembeza mlimani. Kuchoma shamba siku hizi unamwambia mtu kwanza na unakuwa na wenzako na maji, na kuna kanuni rahisi ya thelathini tatu, joto likizidi nyuzi 30, unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 30, upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, siku hiyo hakuna kuwasha hata cha kuchemshia. Nimesoma pia Ureno baada ya moto wa Pedrógão Grande wa 2017, uliua watu 66 na wengi wao walifia barabarani wakikimbia na magari, mwaka uliofuata wakaanzisha mpango wa vijiji salama, kila kijiji kinakuwa na mtu wake wa usalama, mahali pa kukimbilia panapojulikana na mazoezi ya kuhama. Sisi tumechagua mahali pa kukimbilia, uwanja wa mpira, nyasi zimefyekwa. Mazoezi tumefanya mara moja, walikuja watu tisa, na bibi mmoja aligoma kuondoka bila kuku wake, kwa hiyo sasa tuna tenga la kuku kwenye mpango.

Daftari jipya liko kwa yule mama wa maji, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, limeninginizwa msumarini nyuma ya mlango pamoja na filimbi nne na orodha ya wenye pumu na presha. Kalamu tuliifunga na uzi. Imeshaibiwa mara mbili.